Nairobi hadi New York kwa ndege: mbona umbali na saa havilingani popote?

Mzigo_Mwepesi:

Wakuu, habari za jioni. Naomba kujuzwa. Natafuta umbali wa angani kutoka JKIA (NBO) mpaka JFK, safari ya moja kwa moja isiyotua njiani, na muda wake halisi. Kila nikigusa napata namba yake.

Tovuti ya kwanza inasema 11,837. Ya pili 7,355. Ya tatu 6,391. Programu ya kufuatilia ndege, ukifungua safari iliyokwisha kuruka, inaonyesha imetembea km 12,200 hivi. Nikaamua kujipigia mwenyewe kwenye Eksel, ikatoka 10,100. Fomula ni hii, B ikiwa latitudo na C longitudo:

=6371*ACOS(SIN(B2)*SIN(B3)+COS(B2)*COS(B3)*COS(C3-C2))

NBO nimeweka -1.319 na 36.928. JFK nimeweka 40.640 na -73.779.

Kwenye muda ndiyo kabisa. Tiketi ya mwezi wa kwanza inasema kuondoka NBO 23:55, kufika JFK 06:55 (+1). Kurudi ni JFK 12:30, NBO 10:45 (+1). Ukitoa tu, kwenda ni saa 7 na kurudi ni saa 22 na robo! Tovuti moja ya umbali inatoa saa 13 na dakika 9 kwa pande zote mbili.

La mwisho: nikiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari unapita Kongo kaskazini, Nigeria, Mali, Mauritania, halafu bahari. Ndege yenyewe inaonekana iko Algeria. Inazunguka nini huko?

Nawasilisha.

Dira_Kaskazini:

Mkuu, tuanze na hiyo 10,100, maana ndiyo pekee iliyo kosa. Zilizobaki ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake.

Eksel haijui nyuzi. Ukiiandikia SIN(40.640) inachukua hiyo 40.640 kuwa radiani (kipimo kingine cha pembe, ambacho duara zima ni 6.28), yaani pembe iliyozunguka duara zaidi ya mara sita. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halijitangazi. ACOS siku zote hutoa jibu kati ya 0 na 3.14, kwa hiyo ukizidisha kwa 6371 huwezi kuvuka 20,015, ambayo ni nusu ya mzingo wa dunia. Upuuzi wowote utakaotoka utakuwa na sura ya umbali wa kweli. Wewe umeangukia 10,100, karibu kabisa na jibu, ndiyo maana hukushtuka.

Andika hivi:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B2))*SIN(RADIANS(B3))+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*COS(RADIANS(C3-C2)))

Ukitaka kuhakiki kwa kikokotoo cha mkononi, kiweke kwenye DEG (nyuzi) kwanza. Sehemu ya kwanza, saini mara saini, ni -0.0150. Sehemu ya pili, kosaini tatu zikizidishwa, ni -0.2682. Jumla -0.2832. Kinyume cha kosaini cha hiyo ni nyuzi 106.45. Kila uzi mmoja juu ya uso wa dunia ni km 111.195, basi 106.45 mara 111.195 inakupa 11,837 ukiacha desimali za kukadiria.

Angalia alama za kutoa, hapo ndipo wengi huzama. Kusini mwa Ikweta ni hasi, magharibi mwa Greenwich ni hasi. Ukisahau hasi ya longitudo ya JFK, fomula itakupeleka Kirigizistani, jirani na mji wa Osh, na itakwambia ni km 5,970. Hilo utalishtukia. Lakini ukisahau hasi ya Nairobi, uwanja unahamia kaskazini mwa Ikweta na jibu linatoka 11,639, pungufu ya karibu km 200, na hakuna wa kukustua.

Hizo namba nyingine mbili ni umbali ule ule kwa vipimo tofauti. 7,355 ni maili za nchi kavu, kila moja km 1.609. 6,391 ni maili za baharini, kila moja km 1.852, na ndizo wanazotumia marubani na mabaharia. Tovuti nyingi huandika "maili" bila kusema ipi. Gawanya 11,837 kwa namba waliyokupa: ukipata 1.6 ni nchi kavu, ukipata 1.85 ni baharini.

Kuna watakaokwambia dunia si tufe kamili, imebonyea nchani. Kweli, lakini kwa fomula hii kosa halizidi nusu asilimia. Hata kuruka juu kilomita 11 kunaongeza kama km 20 tu kwenye safari nzima. Usipoteze muda huko.

Bi_Ramani:

Nikupe la ramani. Tafuta tufe la dunia, lile la darasani la kuzungusha, na uzi wa kushonea. Bana ncha moja Nairobi kwa kidole, nyingine New York, kisha vuta uzi ukaze. Utauona wenyewe ukijivuta kuelekea kaskazini. Hiyo ndiyo njia fupi, inaitwa duara kuu. Mstari wa rula kwenye ramani bapa unaonekana mfupi kwa sababu ramani bapa imenyooshwa. Kadiri unavyokwenda mbali na Ikweta ndivyo inavyonyooshwa zaidi.

Kwa namba: njia ya rula, ambayo ni kushika mwelekeo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ni kama km 12,190. Duara kuu ni 11,837. Tofauti ni km 353, kama dakika 24 za ndege. Hapa si kubwa kwa sababu safari inaanzia karibu na Ikweta. Kati ya miji miwili iliyo kaskazini sana tofauti huwa ya kutisha.

Njia yenyewe, ukiifuata kwa hesabu: kutoka JKIA unaelekea nyuzi 312, yaani kaskazini-magharibi. Unapita maeneo ya Eldoret, Uganda kaskazini upande wa Gulu, Sudan Kusini, unagusa kona ya Darfur, unaingia Chad, kisha Niger, unakata Sahara ya Algeria, Moroko karibu na Marrakech, na unatoka baharini usawa wa Safi. Baharini unapita juu ya visiwa vya Azores. Unaendelea kupanda hadi nyuzi 42 na kidogo kaskazini, kusini mwa kisiwa cha Newfoundland, halafu njia inaanza kuteremka kidogo kwenda New York. Kwa hiyo ndege uliyoiona Algeria haizungushi kitu. Iko njiani.

Hizo km 12,200 za kwenye programu ni umbali uliotembewa kweli, na hakuna ndege inayokanyaga duara kuu lote. Inaondoka ikiukabili upepo wa uwanjani kisha inageuka. Inafuata vituo vya njia vilivyopangwa angani. Ukanda wa mawingu ya radi kati ya Sudan Kusini na Afrika ya Kati unailazimisha kupinda kulia na kushoto. Halafu kuna siasa. Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 ndege za abiria zimekuwa zikikwepa anga yake, na ile kona ya Darfur inazungukwa. Mwaka huo huo wa 2023, baada ya mapinduzi, Niger nayo ilifunga anga yake kuanzia Agosti hadi mapema Septemba. Asilimia 3 ya nyongeza juu ya duara kuu ni kawaida kabisa.

Na kuna sharti la injini mbili. Ndege ya injini mbili haiendi popote itakapo juu ya bahari. Kila hatua lazima iwe na uwanja wa kukimbilia ndani ya dakika ilizoidhinishwa injini moja ikizimika. Kwa bahati njia hii ina Lajes na Santa Maria pale Azores, Bermuda kusini, na viwanja vya mashariki mwa Kanada upande wa juu, kama Halifax na Gander. Ndiyo maana Atlantiki hapa haisumbui kama bahari za kusini.

Ratiba_24:

Kwenye saa, kosa lako ni kutoa saa za miji miwili kana kwamba ni mji mmoja. Saa inayoandikwa kwenye tiketi siku zote ni ya mji husika. Peleka zote kwenye UTC (saa moja ya kulinganishia ya dunia nzima) kwanza, ndipo utoe.

Nairobi ni UTC+3 mwaka mzima. New York mwezi wa kwanza ni UTC-5. Kwenda: 23:55 toa 3 ni 20:55 UTC. 06:55 jumlisha 5 ni 11:55 UTC ya kesho yake. Kutoka 20:55 hadi 11:55 ni saa 15 kamili. Kurudi: 12:30 jumlisha 5 ni 17:30 UTC. 10:45 toa 3 ni 07:45 UTC ya kesho yake. Hiyo ni saa 14 na robo.

Ile (+1) usiipuuze. Maana yake unafika tarehe inayofuata ile ya kuondoka.

Sasa mtego wa majira. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu, na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Katikati hapo New York inakuwa UTC-4, na tofauti na Nairobi inashuka kutoka saa 8 hadi 7. Ukichukua tiketi ya mwezi wa saba ukaipiga kwa saa 8, utapata jibu lililozidi kwa saa nzima kwenda, na lililopungua kwa saa nzima kurudi. Anayepitia Ulaya aongeze umakini, maana Ulaya hubadili Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa kumi. Kuna wiki mbili au tatu za mwezi wa tatu, na wiki moja kabla ya mwezi wa kumi na moja, ambapo London na New York zinaachana kwa saa 4 badala ya 5. Muda wa kubadilisha ndege ukiuhesabu kwa mazoea wiki hizo, umejikaanga.

Halafu kuna letu wenyewe, la saa za Kiswahili. 23:55 ni saa sita kasoro dakika tano usiku. 06:55 ni saa moja kasoro dakika tano asubuhi. 12:30 ni saa sita na nusu mchana. 10:45 ni saa tano kasorobo asubuhi. Mtu akikuandikia "nafika 06:55" nawe ukasoma "saa sita na dakika hamsini na tano", utakwenda uwanjani mchana na kumkuta mgeni amekaa juu ya sanduku saa sita nzima. Ukituma ujumbe kwa ndugu, andika tarakimu za tiketi na neno asubuhi au usiku pamoja.

Na ndege zinazoondoka baada ya saa sita ya usiku zina lake. Ikiwa tiketi inasema tarehe 12, 00:40, hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Unatakiwa uwanjani jioni ya tarehe 11. Wanaokwenda jioni ya 12 hukuta ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita, na hakuna wa kumlaumu, tiketi ilisema kweli.

Mzigo_Mwepesi:

Asanteni sana, nimeweka RADIANS na 11,837 imetoka kama ilivyo. UTC nayo imeeleweka.

Bado moja. Umbali ni ule ule, ndege ni ile ile, mbona kwenda ni saa 15 na kurudi ni 14 na robo? Na ile tovuti ya saa 13 na dakika 9 imeitoa wapi?

Tezi_na_Omo:

Ile tovuti imegawanya 11,837 kwa 900 basi. Inapata 13.15, na 0.15 ya saa ni dakika 9. Hakuna upepo humo, hakuna kutembea ardhini, hakuna kupinda.

Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni upepo, kama jahazi tu: ukiwa wa tezi unakusukuma, ukiwa wa omo unakurudisha. Juu huko, kimo cha kilomita 9 hadi 12, katikati ya Atlantiki ya kaskazini kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi kali unapita kilomita 200 kwa saa bila shida. Anayekwenda New York anaupata usoni, anayerudi unamsukuma. Ila zaidi ya theluthi moja ya safari hii iko tropiki, juu ya Afrika, ambako upepo wa juu ni dhaifu na hata huvuma upande mwingine. Kwa hiyo wastani wa safari nzima ni mdogo kuliko unavyodhani. Chukua km 45 kwa saa kama mfano wa siku ya kawaida.

Ndege hapa ni Boeing 787-8, ndiyo iliyoanza safari hii ya Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018. Mwendo wake juu ni kama km 900 kwa saa ndani ya hewa. Hiyo "ndani ya hewa" ndiyo yenye maana. Hewa yenyewe ikirudi nyuma kwa 45, juu ya ardhi unatembea 855. Ikikusukuma, 945.

Tumia umbali wa kutembewa kweli, 12,200. Kwenda: 12,200 gawanya kwa 855 ni 14.27, yaani saa 14 na dakika 16. Kurudi: 12,200 gawanya kwa 945 ni 12.91, yaani saa 12 na dakika 55. Kumbuka desimali si dakika, 0.91 izidishe kwa 60. Watu huandika 12.91 wakasoma saa 12 na dakika 91, halafu wanashangaa.

Ongeza nusu saa kwa kupanda na kushuka kwa mwendo wa chini na kutembea ardhini. Unapata 14:46 na 13:25. Tiketi ziliandika 15:00 na 14:15. Hiyo iliyobaki ni nafasi ya kupumulia ambayo shirika huiweka, na angalia ilivyogawanywa: kwenda dakika 14, kurudi dakika 50. Nairobi karibu na saa sita ya usiku ndege hazipangi foleni ndefu. JFK mchana, ndege inaweza kusimama kwenye msururu nusu saa injini zikiwaka, na mwezi wa kwanza kuna kumwagiwa dawa ya kuyeyusha barafu kwenye mabawa kabla ya kuruhusiwa kuruka. Saa ya tiketi inahesabiwa tangu ndege inapoacha geti hadi inaposimama geti la pili. Programu ya kufuatilia inahesabu tangu magurudumu yanapoacha lami hadi yanapogusa. Ndiyo maana hizo mbili hazilingani hata siku ndege imekwenda kwa wakati.

Rubani anayerudi Nairobi haoni haya kurefusha njia kwa kilomita 100 kuufuata huo mkondo, maana anaokoa dakika na mafuta. Anayekwenda New York anaukwepa, kaskazini yake au kusini yake. Kwa hiyo njia za pande mbili hazifanani, na leo haifanani na kesho.

Wakati safari inazinduliwa ilitangazwa kwamba kila upande unahitaji tani 85 za mafuta, marubani 4 na wahudumu 12. Tani 85 ni kama lita 106,000. Matanki ya 787-8 yanabeba lita 126,000 hivi. Ndege inakula karibu tani 5 kwa saa, nyingi zaidi mwanzoni ikiwa nzito na chache mwishoni, basi saa 14 ni tani 70. Zinazobaki si za kuchezea: kuna asilimia 5 ya dharura juu ya mafuta ya safari, kuna za kwenda uwanja mbadala JFK ikifungwa, na kuna za kuzunguka dakika 30 mwishoni ambazo zikianza kuguswa rubani anatangaza dharura.

Nairobi ina ugumu wake. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa pale ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Injini zinavuta hewa kidogo, mabawa yanabebwa na hewa kidogo, kwa hiyo ndege inahitaji mwendo mkubwa zaidi na lami ndefu zaidi ili inyanyuke. Njia ya kurukia inazidi kilomita 4, hilo linasaidia. Mchana wa jua hewa inazidi kuwa nyepesi. Usiku ikipoa kwa nyuzijoto 10 unapata asilimia 3 na kitu ya uzito wa hewa, bure. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 inaihitaji asilimia hiyo, vinginevyo wanaacha mizigo au viti. JFK iko karibu na usawa wa bahari, mita chache tu, kwa hiyo kurudi hata saa sita mchana hakuna shida hiyo.

Usiangalie namba ya mtengenezaji, kwamba 787-8 inafika zaidi ya km 13,500, ukadhani kuna kilomita 1,700 za bure. Namba hiyo haina upepo wa omo wala mwinuko wa Nairobi.

Kisima_cha_Nane:

Swali la nyongeza wakuu. Anayetoka Dar, anapoteza kiasi gani kupitia Nairobi? Na kupitia London au Dubai?

Bi_Ramani:

Dar kupitia Nairobi hupotezi kitu. Dar hadi JFK kwa duara kuu ni km 12,437. Dar hadi Nairobi ni 668, jumlisha 11,837 inakuwa 12,505. Ni km 68 tu za ziada, maana Nairobi karibu iko juu ya mstari. Kinachokula muda ni kusubiri uwanjani.

Kutoka Nairobi kupitia London: 6,842 na 5,540, jumla 12,382. Umezidisha km 545, kama dakika 36 hewani. Kupitia Dubai: 3,558 na 11,001, jumla 14,559. Hapo umezidisha zaidi ya km 2,700, yaani saa 3 hewani kabla hujahesabu kusubiri, kwa sababu unaanza kwa kwenda mashariki wakati unakokwenda ni magharibi. Nauli inaweza kuwa nafuu, hilo ni suala lingine, ila usidanganyike kwamba "ni karibu sawa". Na kabla ya kulipia London au mji wowote wa Ulaya, soma masharti ya visa ya kupita kwa pasipoti yako.

Ratiba_24:

Naongeza kwa wanaounganisha kutoka JFK kwenda miji mingine ya Marekani. Marekani haina utaratibu wa kupita tu. Unapogusa uwanja wa kwanza, unapita uhamiaji hapo hapo, unachukua mabegi yako, unapita forodha, kisha unayakabidhi tena, hata kama kibandiko kinasema mji wa mwisho. Kwa hiyo ukifika 06:55, ndege ya 08:30 isahau. Weka saa 3 angalau, na ikiwa teminali ni nyingine kuna AirTrain inayozunguka teminali zote bila malipo. Tiketi mbili zikiwa zimenunuliwa mbali mbali, weka zaidi, maana ukichelewa ya pili hakuna anayewajibika kukupa nyingine.

Jingine dogo. Mwezi wa kwanza ukienda kwa ratiba hiyo, safari karibu nzima ni giza. Unaondoka usiku, unakimbia pamoja na usiku kuelekea magharibi, na unafika New York kabla jua halijachomoza, maana kule mwezi huo linatoka karibu saa 07:20. Anayemeza dawa kila baada ya saa 12 asihesabu kwa jua wala kwa saa ya ukutani ya JFK. Aache saa yake ya mkononi kwenye Nairobi mpaka atue, na mpango wa siku ya kwanza aulize kwa daktari kabla ya kuondoka.

Mzigo_Mwepesi:

Safi kabisa. Na anayekuja kunipokea nimwambie afike saa ngapi?

Ratiba_24:

06:55 ni ndege kusimama getini. Kutoka ndani, foleni ya uhamiaji, mabegi, forodha: mwambie awe mlango wa wanaowasili 08:00 na awe tayari kusubiri hadi 09:00. Kwa Kiswahili ni saa mbili hadi saa tatu asubuhi, saa za kule. Na asubuhi hiyo aangalie kwanza kwenye programu kama magurudumu yameshagusa, ndipo atoke nyumbani.